Fidla Haiingii Humu

Foleni ya kuku wa pilipili kaskazini mwa Nashville, Jumamosi saa sita mchana, haina huruma na mtu. Inaanzia dirishani, inatoka mlangoni, inakata kona mpaka kwenye duka la kufulia nguo, na kila aliyemo anajifanya hana haraka. Kezia Pruitt alikuwa na haraka na hakujifanya. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, viatu vyeupe vilivyoanza kumuuma tangu saa nne, na hereni kubwa za duara alizoazima kwa bibi yake. Alitakiwa afikishe vipande ishirini vya kuku kwenye sherehe ya rafiki yake mjamzito. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye sanduku jeusi mgongoni, na kila mwanamume yule alipogeuka, sanduku lilimgonga Kezia begani.

Mara ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, hilo jeneza lako lina maiti ya nani?"

"Lina fidla, dada," akajibu yule mwanamume. "Ila ukiendelea kulisukuma hivyo itakuwa maiti kweli."

"Mimi ndiye nalisukuma?"

"Bega lako ndilo linalolifuata."

Kezia alitaka kukasirika akajikuta anacheka. Yule mwanamume akaitwa dirishani, akaagiza kuku mwenye pilipili ya daraja la mwisho. Mpishi akamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Alikuwa nao, kwa sababu Kezia alikuwa anamtazama. Dakika tano baadaye alikuwa amesimama kwenye meza ya nje, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya shati lake la bluu, na bado anatafuna.

Kezia akampelekea karatasi za kujifutia. "Unamlilia kuku au unanililia mimi?"

"Kwa sasa kuku," akasema kwa sauti iliyokauka. "Wewe nitakulilia baadaye, ukininyima namba ya simu."

Akampa. Sherehe ilipata kuku wa baridi siku hiyo, na mjamzito alinuna wiki nzima.

Jina la mwanamume yule lilikuwa Wendell Mabry. Mchana alitengeneza fidla zilizovunjika katika karakana ng'ambo ya mto, na jioni nne kwa wiki alipiga fidla katikati ya mji, kwa watalii waliokuja na kofia mpya za wachunga ng'ombe na kuondoka wamezikunja. Kezia alifanya kazi kwenye duka la miwani, akiwasaidia wazee kuchagua fremu wasizozipenda. Wakawa watu wa simu. Ilikuwa haipiti saa ya chakula cha mchana bila simu kulia.

"Uko wapi, asali?"

"Nimekaa na binti mmoja mwenye shingo nyembamba."

"Anaitwa nani huyo, nije nimsalimie?"

"Fidla ya mteja. Shingo yenyewe imevunjika, usije ukamwonea wivu."

Jumapili moja Kezia akampeleka kanisani kwao, mtaa wa Haynie. Kanisa hilo ni mojawapo ya yale makanisa ya Kristo yasiyo na kinanda, wala gitaa, wala ngoma, na halijapata kuwa navyo tangu tofali la kwanza. Si umaskini. Ni imani: Agano Jipya limesema imbeni, halikusema pigeni, basi wao huimba. Wendell alilelewa kwa Wabaptisti, ambako Jumapili isiyo na kinanda na ngoma ni Jumapili iliyoharibika, kwa hiyo alikaa kwenye benchi na suti yake ya kijivu akingoja kwa adabu mambo yaishe.

Baba yake Kezia, Ndugu Thurman Pruitt, dereva mstaafu wa posta, ndiye aliyekuwa ameongoza nyimbo pale kwa miaka arobaini. Alisimama mbele, akatoa kwenye mfuko wa kizibao kifilimbi cha duara kisichozidi kifuniko cha chupa, akakipuliza polepole ndani ya kiganja, akapata sauti ya kuanzia, akakirudisha mfukoni, akainua mkono. Watu mia mbili wakaimba kwa sauti nne, na mabenchi yakatetemeka chini ya mapaja yao. Wendell akalia. Ilikuwa mara ya pili Kezia kumwona akilia, na safari hii hapakuwa na pilipili.

Walikula kwa Bibi Idella, mama yake Ndugu Thurman, aliyemlea Kezia tangu mama yake alipofariki. Magoti yalimzuia bibi kwenda kanisani, kwa hiyo kila Jumapili alipiga namba ya kanisa, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu, akasikiliza ibada nzima akimenya viazi. Mezani palikuwa na sukuma wiki iliyochemshwa na nyama ya nguruwe ya moshi, mkate wa mahindi na chai ya barafu yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Wendell aliuliza kwa heshima kama kile kifilimbi nacho si chombo.

Uma zikasimama hewani. Ndugu Thurman akatafuna, akameza.

"Kile hakiimbi na sisi," akasema. "Kinatupa mahali pa kuanzia, halafu kinanyamaza."

Wendell akamkumbusha kwamba Zaburi zimejaa vinubi na matoazi. Mzee akamjibu kwamba Zaburi zimejaa pia mafahali wa kuchinjwa, na hajamwona Mbaptisti yeyote akiingia na fahali kanisani. Bibi Idella alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo Wendell akawa anapita kwa bibi kila Jumapili kumpigia nyimbo mbili tatu za fidla sebuleni, na kwa kuwa sebule si kanisa hakuna aliyekuwa na la kusema.

Mwaka ulipozunguka, Wendell akampeleka Kezia kwenye foleni ileile ya kuku, akafungua lile sanduku palepale, akapiga wimbo alioutunga mwenyewe. Ulianza kwa noti moja ndefu isiyotaka kwisha, kama foleni isiyosogea, halafu ghafla ukaruka na kucheza. Aliuita Foleni. Watu wakapisha nafasi. Alipomaliza akatoa pete kwenye mfuko wa shati, akasema anaomba mambo mawili. La kwanza Kezia alikwisha kulijua.

"La pili, siku utakapoingia kanisani nikuingize mimi, na wimbo huu. Usiingie kwa santuri wala kwa fidla ya mtu mwingine. Nimekaa miaka sita nikiwapigia harusi watu nisiowajua, wengine hata jina langu hawakuuliza. Yangu nataka niipige mwenyewe."

Kezia akakubali yote mawili, na hakukubali kijinga. Mwaka mmoja nyuma, Brielle, binti wa Ndugu Cloyd Rucker, mzee wa kwanza wa kanisa, alikuwa ameolewa humohumo mtaa wa Haynie. Kiliingizwa kinanda cha umeme chenye spika mbili, kikapigwa tangu bibi harusi anaingia mpaka anatoka. Walionung'unika walielezwa na Ndugu Rucker mwenyewe, amesimama mbele na ua kifuani, kwamba harusi si ibada. Ibada ni Jumapili na Jumatano. Harusi ni shughuli ya familia inayofanyikia kwenye jengo la kanisa.

Kwa hiyo Kezia alikwenda ofisini kwa Ndugu Rucker kuomba tarehe ya Juni akiwa na moyo mweupe. Mzee alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya magoti ya bibi, akafungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwa mpya, wino bado unanuka. Ilisema kwamba harusi ni ibada. Ilisema kwamba hakuna chombo chochote cha muziki kitakachoingia ndani ya jengo, isipokuwa kifaa cha kumpa kiongozi wa nyimbo sauti ya kuanzia, na kwamba bibi harusi ndiye atakayejibu kwa lolote litakalokiukwa. Chini palikuwa na mstari wa sahihi.

Kezia aliisoma mara mbili. Akauliza harusi imekuwa ibada tangu lini.

"Wazee tumeomba, tumetafakari," akasema Ndugu Rucker.

"Na kinanda cha Brielle?"

"Dada Kezia, kinanda ni kinanda. Kila mtu anakijua. Fidla ile inatoka baa. Jumamosi ipigie walevi, Jumamosi nyingine ipande madhabahuni kwetu?"

Hapa mtu mwingine angeinua kile kiti. Kezia alijua kabisa mpiga kinanda wa Brielle alikodiwa wapi: hotelini, kwenye baa ya ghorofa ya juu, ambako pombe inaletwa kwenye trei. Alifungua mdomo aseme, na ndipo mzee akaongeza, kwa upole, kwamba jambo hili linamgusa baba yake pia. Mtu hawezi kuongoza nyimbo za kanisa hali nyumbani kwake wanabishana na kanisa. Ingekuwa vigumu kwa wazee kumwacha aendelee.

Miaka arobaini. Kezia alimfikiria baba yake Jumapili asubuhi akipiga pasi kizibao chake mwenyewe, kwa sababu tangu mkewe afe hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Akachukua kalamu akatia sahihi. Aliikandamiza kalamu kwa hasira, na herufi zake zikaonyesha.

Kosa lake halikuwa kutia sahihi. Kosa lake ni kwamba hakumwambia Wendell. Siku ya kwanza alijiambia atatafuta maneno mazuri, siku ya tatu maneno mabaya yangetosha, na siku ya kumi bado alikuwa anayatafuta. Kwenye simu Wendell alimwambia ameweka nyuzi mpya na amebadilisha mwisho wa wimbo. Kezia alisema vizuri, mpenzi, akakata simu akaenda kuosha uso.

Jumatano baada ya somo la Biblia, jua bado liko juu ya maegesho ya magari, Ndugu Rucker akamshika Wendell mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu.

"Tunakushukuru sana, kijana, kwa kulipokea jambo la fidla kwa unyenyekevu. Dada Kezia alipotia sahihi nilijua nyumba yenu itakuwa na amani."

Wendell alitabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni. Alingoja mzee aende, akamgeukia Kezia.

"Sahihi gani?"

Akamweleza. Alimweleza habari ya karatasi, ya harusi iliyogeuka ibada na ya baa, lakini habari ya baba yake akaimeza, maana baba yake mwenyewe alikuwa hatua tano tu kutoka pale, akiaga watu, na hakuwa anajua kitu. Hivyo maelezo yalitoka nusu, na nusu iliyotoka ndiyo mbaya.

"Lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," akasema Wendell. "Wiki mbili nakupigia simu nakueleza habari za nyuzi."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Kezia, mimi watu wa baba yako nawaheshimu. Wangeniambia fidla haiingii humu kwa sababu Mungu hataki, ningeiacha kwenye gari. Lakini kinanda kilichotoka hotelini kiliingia. Maana yake si fidla iliyokataliwa. Nimekataliwa mimi, na aliyetia sahihi ni wewe."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nisome karatasi yenyewe?"

Akaingia kwenye gari lake. Hakupiga honi wala hakuondoa gari kwa fujo, na Kezia aliona heri angefanya hivyo. Alipiga simu usiku huo, na kesho yake, na keshokutwa. Iliita mpaka ikachoka. Wiki ya pili aliandika ujumbe mrefu akaufuta. Wiki ya tatu, dukani, mteja alimuuliza kama fremu inampendeza naye akajibu hapana, na meneja akamwita pembeni.

Jioni hiyo akamwambia baba yake yote, pamoja na ile nusu aliyoimeza. Ndugu Thurman alikuwa anakula mkate wa mahindi na maziwa. Kijiko kikasimama.

"Cloyd alilitaja jina langu?"

"Alisema watakuondoa."

"Hakuja kwangu."

"Kwa hiyo utafanya nini, baba?"

"Nitalitazama."

Kezia akapandwa na ghadhabu mpya, hii dhidi ya baba yake. Alimwambia amelitazama kanisa lile miaka arobaini. Alimwambia kikao cha wanaume cha Jumatatu ndicho kinachoamua mambo yote, na yeye, mwanamke, haruhusiwi hata kuinua mkono humo. Yeye akiongea ni uasi, na baba yake akinyamaza ni hekima, sasa nani amsemee? Akamwambia pia kwamba yeye haombi fidla ipigwe Jumapili. Anaipenda imani aliyolelewa nayo, hajawahi kuikosea heshima, na angeolewa kwa sauti tupu bila kinyongo kama sheria ingekuwa moja kwa wote. Asichoweza kumeza ni Mungu anayebadilisha msimamo kwa kuangalia ni binti wa nani anaolewa.

 Mzee aliosha bakuli lake akaenda kulala jua bado halijazama.

Jumapili ikafika. Katika kanisa la mtaa wa Haynie, kila mahubiri yakiisha huimbwa wimbo wa mwaliko. Mwenye kutaka kubatizwa, au mwenye dhambi ya kuungama, hutembea mpaka benchi la mbele, akapewa kadi na penseli. Huandika haja yake, na wimbo ukiisha mzee wa zamu huisoma kwa sauti mbele ya wote. Mwanamke hasemi kanisani, lakini kadi yake husomwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuliona tundu lililomo.

Siku hiyo Kezia alivaa lile gauni la njano. Wimbo wa mwaliko ulipofika ubeti wa pili akainuka, akatembea katikati ya mabenchi, na miguno ikamfuata nyuma kwa sababu msichana aliyeachwa akienda mbele watu huwa wana dhana zao. Baba yake, mkono hewani akiongoza, alimwona. Sauti yake ilikatika neno moja tu, akaidaka. Kezia akaandika upande wa mbele, akageuza, akaandika upande wa nyuma. Ndugu Thurman akawaimbisha ubeti wa tatu na wa nne, kisha akaurudia wa kwanza, mpaka alipomwona ameweka penseli chini.

Mzee wa zamu alikuwa Ndugu Rucker. Alikuwa mtu anayependa sauti yake, na kadi hakuwa na desturi ya kuipitia kwanza. Akasafisha koo.

"Dada yetu Kezia Pruitt amekuja kutubu," akasoma. "Anasema: Nilitia sahihi karatasi nisiyoiamini, kwa sababu niliogopa. Niliambiwa nisipotia, baba yangu ataondolewa kuongoza nyimbo, naye mwenyewe hakuambiwa. Nilimficha mchumba wangu, Wendell Mabry, nikamwacha aaibishwe mbele za watu." Hapo sauti ya Ndugu Rucker ikapungua. Macho yake yakatangulia mistari miwili mbele, akafunga kadi. "Basi, wapendwa, tumwombee dada yetu."

"Endelea, Ndugu," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Ndugu Thurman, bado amesimama pale penye kitabu cha nyimbo.

"Ndugu Pruitt, nadhani yatosha."

"Kadi ya mwenye kutubu husomwa yote. Mimi nimesomewa yangu mwaka niliokunywa pombe, mbele ya mke wangu, na hukuruka hata neno. Soma upande wa nyuma."

 Ndugu Rucker akageuza kadi.

"Namwomba Wendell radhi, na Mungu pia. Tena naliomba kanisa liniombee nielewe. Ndugu Rucker alipomwoza binti yake, kinanda kililia humu ndani na harusi haikuwa ibada. Sasa naolewa mimi na harusi imekuwa ibada. Nikieleweshwa nitanyamaza. Nisipoeleweshwa nitakuja mbele Jumapili ijayo na kadi nyingine."

Kwenye benchi la nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Ndugu Rucker aliomba sala fupi kuliko zote za maisha yake.

Kezia alikuwa bado yuko kwenye ngazi za nje, wanawake wawili wakimkumbatia na watatu wakimpita bila salamu, simu yake ilipolia. Ilikuwa namba ya Bibi Idella. Akajibu akitarajia kugombezwa.

"Bibi?"

"Bibi anajifuta machozi na kitambaa cha vyombo," ikasema sauti ya Wendell.

Kezia akakaa chini kwenye ngazi, gauni na vumbi vyote.

"Unafanya nini huko?"

"Ninachofanya kila Jumapili. Niliacha kuja kwenu, sikuacha kuja kwa bibi. Tumesikiliza yote kwenye simu. Bibi aliacha kumenya kiazi katikati." Akashusha sauti. "Kwa nini hukuniambia habari ya baba yako?"

"Alikuwa amesimama pale. Na nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga wiki mbili. Mimi nimekuwa mjinga tatu, sikushika simu. Nimekushinda."

"Hata kwenye hili lazima ushinde?"

"Njoo ule, asali. Kuna kuku, hana pilipili, sitalia."

Wendell alilia hata hivyo, na Kezia alilia, na bibi aliwaambia watoke jikoni wasije wakatia chumvi kwenye viazi.

Wazee wakakaa kikao. Ndugu Rucker hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtaka kuomba. Yalitoka mambo mawili: Ndugu Thurman ataendelea kuongoza nyimbo, na karatasi itabaki ilivyo. Marafiki wa Kezia walikasirika wakamshauri afanyie harusi kwenye bustani, huko wapige hata tarumbeta. Kezia akakataa. Alisema alibatizwa katika jengo lile, mama yake alizikwa kutoka jengo lile, na hatatoka mlangoni ili Ndugu Rucker apate nafasi ya kuufunga. Wendell alisema ataoa hata ndani ya kabati. Lakini siku alipolisema, Kezia aliuona mkono wake wa kushoto ukibonyeza nyuzi ambazo hazikuwapo, na roho ikamuuma.

Jumamosi ya Juni, saa nane mchana, Kezia alisimama mlangoni mwa kanisa na gauni jeupe la mikono mirefu, amemshika Bibi Idella aliyekuwa na gongo, kofia ya zambarau na nia ya kutembea mwenyewe. Mbele, Wendell alisubiri na suti yake ya kijivu. Ndugu Rucker alikaa benchi la kwanza kama mzee wa kwanza. Ndugu Thurman akasimama kuanzisha wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa kizibao. Akaupeleka kwenye mfuko wa pili. Kisha akatazama watu.

"Nimeacha kifilimbi changu nyumbani," akasema.

Kwa miaka arobaini hakuwahi kukiacha. Akainama chini ya meza ya vitabu, akatoa sanduku jeusi, akalifungua, akamkabidhi Wendell fidla. Ndugu Rucker akainuka nusu.

"Ndugu Pruitt, karatasi inasema."

"Nimeisoma," akasema Ndugu Thurman. "Inasema isipokuwa kifaa cha kumpa kiongozi wa nyimbo sauti ya kuanzia. Kiongozi wa nyimbo ni mimi. Kaa, Cloyd." Akamgeukia Wendell. "Nipe sauti, mwanangu. Mpaka nikuambie basi."

Wendell akaweka fidla begani akavuta noti moja. Kezia, kule mlangoni, aliitambua kabla haijafika katikati ya kanisa. Ilikuwa ile noti ya kwanza ya Foleni, ile ndefu. Alingoja baba yake ainue mkono watu waimbe. Mkono haukuinuka. Bibi Idella akamfinya.

"Tembea, mtoto," akanong'ona. "Unataka mkono wake ukatike?"

Wakatembea. Mwendo wa bibi haukuwa wa haraka, na noti haikukatika. Upinde ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, juu ya uzi uleule, na Wendell hakuongeza wala hakupamba kitu, ingawa Kezia aliona jasho likimtoka. Wengine kwenye mabenchi walikuwa wameinamisha vichwa, wengine walikuwa wametoa vitambaa. Ndugu Thurman alisimama amefumba macho kama anayetafuta sauti ya wimbo mgumu sana. Kezia alipofika mbele akaweka mkono wake juu ya bega la Wendell, lile lisilo na fidla.

"Basi," akasema baba yake, akainua mkono, na fidla ikanyamaza, na watu mia mbili wakaimba.

Baadaye ukumbini, kwenye keki na chai ya barafu, Ndugu Rucker alimfuata Ndugu Thurman akamuuliza, bila kumtazama usoni, kama kweli ilikuwa lazima sauti ile iwe ndefu kiasi kile. Ndugu Thurman akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Miaka yote naipata mara moja, Ndugu," akasema. "Leo ilichukua muda."

Kisha akatoa kitambaa kwenye mfuko wa kizibao ajifute mdomo, na kifilimbi kikadondoka sakafuni. Kezia akakiokota, akamrudishia.